Kijani Nilichomjazia Namayani

Tulimzika Koko siku ya Jumamosi, nyumbani kwake Olmotonyi, pembeni ya shamba lake la mahindi, na kabla sijamaliza kunawa mikono nile chakula cha msiba, Nickson alikuwa ameshatoa simu mfukoni ili anionyeshe grafu. Sikuwa nimemwona kwa zaidi ya miaka kumi. Ndevu zimeingia mvi, tumbo limetangulia, lakini kidole ni kilekile, kinapangusa kioo kwenda juu kama cha mtu anayefukuza nzi. "Ticha Aika," akasema, bila hata kuniuliza nimefikaje, "siku hizi mzazi akiwa ofisini anaona mtoto wake amelala dakika ngapi na amekula vijiko vingapi. Vijiko, Ticha. Njoo Jumanne uone." Mbele yetu akina mama wa Kiarusha walikuwa wanapakua loshoro, mahindi yaliyochemshwa yakachanganywa na maziwa mgando, na harufu yake ya uchachu ilinipeleka moja kwa moja kwenye jiko la mabanzi ambalo nilikuwa nimejitahidi kulisahau. Nilishika sahani yangu nikatazama upande wa kaburi, ambako vijana walikuwa bado wanasawazisha udongo, nikajiambia nisimjibu kitu. Nikianza, nitasema yote. Na yote yenyewe ni mwaka mmoja tu.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina cheti cha ualimu wa awali na kujiamini kuliko kile cheti kilivyostahili. Shule ilikuwa nyumba ya kuishi, kule Sokon I, mjini Arusha, mali ya mkunga mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mkunga. Nusu ya watoto aliowapokea darasani alikuwa amewazalisha yeye mwenyewe, na alikuwa na tabia ya kuwakumbusha wazazi wao jinsi walivyopiga kelele siku hiyo. Sebule ndiyo ilikuwa darasa la wakubwa, yaani wa miaka mitano, na chumba cha kulia kilikuwa cha wa miaka minne. Chumba chake cha zamani cha kulala kilikuwa cha wadogo, na kabati lake la nguo lilikuwa limebaki humo humo, limejaa poti za plastiki, wanasesere na mashuka ya kulalia mchana. Baraza ilizungushiwa nondo, na hapo ndipo watoto walikunywa uji. Sakafu yote ilikuwa nyekundu, inapakwa nta kila Ijumaa, kwa hiyo Jumatatu watoto walinuka nta na sisi walimu tulinuka nta. Jiko lilikuwa nyuma, limejengwa kwa mabanzi yaliyoachiana nafasi, moshi unatoka kila upande, na asubuhi za baridi ukisimama mlangoni pake ulikuwa unauona mlima Meru wote, mweusi, kabla mawingu hayajashuka. Jikoni alikaa Koko. Jina lake lilikuwa lingine, lakini Koko ni bibi kwa Kimaasai cha Waarusha, na watoto walipoanza kumwita hivyo hakuna mtu mzima aliyethubutu kumwita vingine.

Lazima niseme haki: kabla ya Nickson mambo hayakuwa mazuri. Mahudhurio tuliyaandika kwenye kaunta buku lililokuwa limelowa uji hadi kurasa zikagandana, na mtoto aliruhusiwa kuondoka na yeyote aliyemwita kwa jina. Siku moja mwishoni mwa mwaka uliotangulia, mtoto mmoja alichukuliwa na baba yake mdogo ambaye mama alikuwa amekataza asiruhusiwe. Tulimtafuta mchana kutwa, tukampata Kisongo, ameketi kwenye benchi nje ya duka anakula ndizi, hana habari. Mama Mkunga hakulia mbele yetu, lakini kesho yake alimpigia simu mtoto wa kaka yake, na Januari shule ilipofunguliwa tulimkuta Nickson, meneja mpya, amesimama getini, ana shati lililopigwa pasi na kalamu tatu mfukoni. Alikuwa anasimamia malori ya kampuni moja ya mizigo. Katika kikao chake cha kwanza alituambia, "Lori lina dereva, lina kituo, lina saa ya kufika. Lisipofika, mfumo unakwambia hapo hapo. Kwa nini mtoto asiwe hivyo?" Sisi walimu watatu tuliangaliana. Koko, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko, aliuliza kama na yeye anatakiwa kwenye kikao. "Hapana, Mama," Nickson akamjibu kwa adabu kabisa, "wewe endelea na uji."

Mwezi wa kwanza nilimsifu kwa kila mtu. Alileta kadi zenye picha za wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, na tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyechukuliwa tena na mtu aliyekatazwa. Alileta tangi la maji. Alipanga viatu vya watoto kwenye rafu yenye namba. Halafu akaleta vishikwambi, kimoja kwa kila mwalimu, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa sichanganyikiwi na simu, akanifanya msimamizi wa mfumo. Nilifurahi sana. Nilipiga picha nikiwa nimekishika, nikaituma nyumbani.

Ngoja nieleze mfumo wenyewe, maana hata leo nikiusimulia damu inanichemka. Kila asubuhi saa moja na nusu tulifanya kikao tukiwa tumesimama, kwa sababu Nickson alisoma mahali kwamba watu wakisimama hawarefushi maneno. Yeye aliongea dakika ishirini, sisi tumesimama. Uji ulipewa dakika kumi na mbili. Kila mtoto alipigwa picha na kikombe chake na picha ikatumwa kwa mzazi, kwa hiyo mtoto aliyekuwa tayari kunywa alisubiri ajipange apigwe picha, na aliyepigwa picha aligundua kwamba sasa uji umepoa hautaki. Umeme ukikatika hatukuwa na mahudhurio. Bando likiisha, darasani kwangu peke yake nilikuwa na watoto ishirini na wanne ambao, kwa mujibu wa mfumo, hawakufika. Na kila siku saa nne, kwa kila mtoto, kulikuwa na maswali sita ya maendeleo: anajua rangi, anashirikiana na wenzake, anaitika akiitwa jina, na mengine ya namna hiyo. Ulijibu kwa kubonyeza kijani, njano au nyekundu. Ijumaa, jumla ya kijani cha kila darasa ilibandikwa ukutani kwenye chumba cha walimu, majina yetu yakapangwa kuanzia wa kwanza hadi wa tatu. Tulikuwa watatu tu. Mtu wa tatu alikuwa wa mwisho kila mara, na hakuna aliyehitaji grafu kujua hilo. Mwenzangu mmoja, Ticha Upendo, ambaye alifundisha kabla mimi sijamaliza shule ya msingi, alikuwa wa tatu majuma sita mfululizo kwa sababu alijaza ukweli.

Namayani aliletwa na mama yake katikati ya Januari hiyo. Mama alikuwa fundi cherehani, kijana kuliko mimi, amevaa kanga na koti la mume, na mtoto alikuwa amekaa kwa bibi yake huko nyuma ya Kisongo tangu alipoachishwa ziwa. Nilikuwa dirishani nikawasikia barazani. "Taarifa zote unajaza kwenye simu, Mama," Nickson alisema. "Nakutumia kiungo." Mama akatoa simu yake ya kitochi, imefungwa kwa mpira wa nywele. "Hii haina mtandao, Meneja." "Basi Ticha Aika atakujazia." Nikatoka na kishikwambi tukakaa kwenye viti vya watoto, magoti yametufika kidevuni, nikamuuliza jina, umri, anakoishi. Akasema pia kwamba kule kwa bibi masikio yalikuwa yanamsumbua mtoto, yanatoka usaha, bibi anamtia dawa za kienyeji. Nikatafuta mahali pa kuandika. Kwenye magonjwa mfumo ulinipa orodha ya kuchagua: pumu, kifafa, sikoseli, kisukari; masikio hayakuwemo. Wazazi wawili walikuwa wamepanga mstari nyuma yake. Nikabonyeza "hakuna," nikamwambia, "Karibu sana, Mama Namayani."

Mtoto hakuitika. Ungeweza kumwita mara tano akiwa ameinamia vizibo vyake vya soda, ambavyo alivikusanya kwenye kikopo cha majarini, na asigeuze hata shingo. Sote tulikuwa na maelezo tayari. Ametoka kwa bibi, anajua Kimaasai tu. Sisi tunamsalimia kwa Kiingereza, tunamfokea kwa Kiswahili, atajulia wapi. Nilimpa mwezi. Nikampa wa pili. Nilijifunza kupaza sauti, nikaipaza hadi jioni koo langu lilikuwa linakwaruza, na yeye alinitazama kwa yale macho makubwa kama ninamwimbia. Siku moja nikiwa nimekwenda jikoni kuhesabu vikombe nilimsikia akiongea. Nilisimama nje ya mabanzi, nikachungulia. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya Koko, magoti yanagusana na ya Koko, anaongea Kimaasai mfululizo, anasimulia kitu kirefu chenye ng'ombe ndani yake kwa jinsi alivyokuwa anaonyesha pembe, na Koko anachagua maharage huku anamjibu usoni. Nilifurahi hadi nikataka kucheka. Nikajiambia, si nilisema, tatizo ni lugha. Niliondoka na jibu langu, sikuuliza swali lolote.

Ila kwenye swali la kuitika, Namayani alikuwa nyekundu kila siku. Na Nickson alikuwa ameweka kanuni: mtoto akiwa na nyekundu kwenye jambo moja kwa majuma manane, mfumo wenyewe unatoa barua kwa mzazi, kwamba mtoto hajawa tayari, ashauriwe kukaa nyumbani hadi mwaka unaofuata. Barua ya kwanza ilikuwa imeshaondoka kwa mama wa mtoto mmoja wa darasa la Ticha Upendo. Nilimwona yule mama akija kuchukua begi na rafu ya viatu ikabaki na pengo. Nikamfuata Nickson ofisini, yaani kwenye stoo ya zamani ya Mama Mkunga.

"Meneja, mtoto wa miaka mitano hawi tayari kwa barua. Anakuwa tayari kwa kufundishwa."

"Nakuelewa, Ticha. Lakini tukimwacha anashusha wastani wa darasa lako. Nakusaidia wewe."

"Mimi sijaomba msaada huo."

"Namba hazina upendeleo," akasema, akarudi kwenye kompyuta yake.

Nilitoka pale nimekasirika kiasi kwamba niliweka kishikwambi juu ya kabati la wanasesere na kukiacha hadi saa sita. Kesho yake nikaanza kumjazia Namayani kijani. Ningependa kuandika kwamba nilifanya hivyo kwa ajili yake tu. Ni kweli nilimpenda, na ni kweli sikutaka afukuzwe. Lakini ni kweli vilevile kwamba Ijumaa hiyo jina langu lilipanda juu ukutani, na nilipopita nililitazama. Baada ya muda sikumjazia yeye peke yake. Nilijaza darasa zima kijani, kidole kinashuka ukurasa mzima kama mtu anayemenya karoti, huku nikiimba na watoto wimbo wa siku za wiki. Nilijiona mjanja. Nilikuwa nimeushinda mfumo, na kila nilipomsikia Nickson barazani akiwaonyesha wazazi wapya grafu yangu, "hili ni darasa la Ticha Aika, angalieni lilivyo," nilicheka moyoni.

Mwisho wa muhula wa kwanza wazazi waliitwa mmoja mmoja kuoneshwa ripoti. Mama Namayani alikuja akiwa na uzi umeshika kwenye sketi. Nilimgeuzia kioo, akatazama safu ya kijani, akaniuliza kila mstari unasema nini. Nilipofika kwenye kuitika, alinyanyua uso. "Kumbe anaitika," akasema. "Nyumbani namwita hanijibu, nikadhani ni kiburi, au ana kasoro. Nilikuwa nimepanga kumpeleka hospitali." Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyetua mzigo. "Basi ni mimi hanitaki. Atanizoea." Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale. Nyuma yake kulikuwa na wazazi wengine, Nickson amesimama mlangoni anatabasamu, na mimi nilikuwa bado naamini ni lugha. Nikamwambia, "Atakuzoea, Mama."

Ilikuwa mwezi wa saba, ule wakati ambao Arusha hakuna jua hadi saa sita na watoto wanavaa masweta mawili. Basi dogo la shule lilikuwa linarudi nyuma kuingia uani. Nickson alikuwa ameandika ratiba kwamba lifike saa saba kamili, na dereva alikuwa amechelewa, kwa hiyo alirudi kwa haraka. Alipiga honi. Alipiga tena. Watoto wote walikimbilia barazani kama walivyofundishwa, na mimi niliwahesabu kwa kishikwambi, nikibonyeza jina moja moja, nimeinamisha kichwa. Nilisikia Koko akipita mbio. Sikuwahi kumwona akikimbia kabla ya hapo, wala baadaye. Nilipoinua macho Namayani alikuwa amechuchumaa katikati ya ua, amelipa basi mgongo, anapanga vizibo vyake chini, na honi inalia nyuma yake kwa nguvu hadi mimi niliyekuwa barazani nikaziba sikio. Hakutikisika. Koko alimkumba kwa mwili wake wote, wakaangukia mfereji wa saruji, na basi likasimama mahali alipokuwa amechuchumaa. Kikopo kilikuwa kimesagika chini ya tairi.

Mtoto hakuwa na hata mchubuko. Koko alikaa kwenye mfereji ameshika mkono wake wa kulia, ambao ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumgusa Namayani begani kwa mkono wa kushoto, akangoja ageuke amtazame, ndipo akasema naye. Niliona vile. Niliona, na nikakumbuka kwamba nimemwona akifanya hivyo mara mia moja. Jikoni, kwenye foleni ya uji, mlangoni. Anagusa bega, anangoja uso, anaongea.

Mama Mkunga ndiye aliyewapeleka wote wawili hospitali, maana huko alijua kila mlango. Mimi na Nickson tulifuata, na mama wa mtoto akaja akikimbia na tepu ya kupimia shingoni. Mkono wa Koko ulifungwa plasta. Daktari wa masikio alimtazama Namayani kwa muda mrefu, akatuambia kwamba kuna maji mazito nyuma ya ngoma za masikio yote mawili, yamekaa miezi mingi, mtoto anasikia kama mtu aliyezama kwenye pipa. Kinachomsaidia ni kusoma midomo ya aliye karibu. Akasema tatizo hilo linatibika, kwa dawa na upasuaji mdogo. Kisha akauliza, si kwa ukali, "Shuleni hakuna aliyeona kwamba haitiki?" Nickson akafungua begi lake. Ndiyo, akafungua begi, akatoa ripoti iliyochapwa kwa rangi. "Daktari, sisi tunafuatilia kila siku. Kuitika ni kijani tangu mwezi wa tatu."

Mama Namayani hakumtazama Nickson. Alinitazama mimi. "Nilikwambia siku ile ya kuandikisha," akasema taratibu. "Tumekaa kwenye viti vile vidogo. Nilikwambia masikio." Mama Mkunga alikuwa amesimama karibu na dirisha, akatuangalia mimi na mpwa wake, akasema, "Mimi nimesikiliza watoto kabla hawajazaliwa, kwa kipembe cha mbao, sikio langu juu ya tumbo la mama. Ninyi mmeshindwa kumsikiliza aliyesimama mbele yenu." Akatoka.

Nilimkuta Nickson kwenye korido, nikamweleza yote. Kwamba kijani kilikuwa changu, si cha mtoto. Nililia vibaya, kamasi na kila kitu, mbele ya wagonjwa waliokuwa kwenye benchi. Alinisikiliza ameshikilia ile ripoti, akaniuliza, "Kwa hiyo ulijua?"

"Nilijua haitiki," nikasema. "Sikujua hasikii."

Alitikisa kichwa, akaondoka. Juma lililofuata aliongeza swali la saba kwenye mfumo na neno la siri la kufungulia kishikwambi. Hiyo ndiyo hatua iliyochukuliwa.

Nilikwenda Olmotonyi kumwona Koko. Aliketi kwenye benchi nje, plasta imeshachafuka, binti yake anakoroga chai ya maziwa. "Shikamoo, Koko." "Marahaba, mwanangu, kaa." Nilikunywa chai nusu kikombe ndipo nikaweza kumuuliza kama alijua. "Nilijua," akasema. "Huyo mtoto unamshika bega kwanza. Siku ya pili tu nilijua." Nikamuuliza mbona hakusema. Alifikiri, nadhani alikuwa anatafuta namna ya kunijibu bila kuniumiza. "Nilimwambia meneja nina neno kuhusu mtoto. Akasema nimwambie mwalimu aandike. Nikaja kwako, ulikuwa umekishika kile kitu, ukasema, Koko, ngoja kidogo. Nikangoja." Sikukumbuka. Hadi leo sikumbuki siku hiyo, nimeitafuta kichwani nimeikosa, na hicho ndicho kinachonikera kuliko yote: sikumpuuza kwa makusudi. Nilikuwa ninajaza.

Namayani alirudi shuleni mwezi wa tisa, baada ya upasuaji. Tulikuwa tumejiandaa, kila mtu na wasiwasi wake. Niliingia darasani, nikasimama mbele, na kwa mazoea ya miezi yote ile nikamwita kwa sauti yangu ya kufukuzia mbuzi. Aliruka kwenye kiti, akaziba masikio kwa viganja, machozi yakamtoka. Nikamwendea, nikapiga magoti. Alinitazama mdomo, kama alivyozoea, halafu akanitazama macho, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, ambacho sijui alikiokota lini, "Ticha, usinipigie kelele. Nakusikia." Ilikuwa sentensi yake ya kwanza kwangu. Niliomba radhi mbele ya darasa zima, watoto wakashangaa, na tangu siku ile sijawahi tena kufundisha kwa kupaza sauti. Desemba niliacha kazi. Sikufukuzwa, na Mama Mkunga alinibembeleza nibaki, lakini sikuweza kupita mbele ya ule ukuta.

Haya yote yalikuwa yamenijaa kifuani pale msibani, na Nickson alikuwa bado ananingoja nisifu vijiko. Namayani mwenyewe alikuwa ametoka kunisalimia muda si mrefu, sasa ni msichana wa chuo, anaongea chini chini, amevimba macho kwa kumlilia Koko. Basi nikaweka sahani chini nikamwambia Nickson. Kwamba nimembebea kinyongo miaka hii yote kwa barua zake na ukuta wake, na nimejibebea kinyongo mwenyewe kwa uongo wangu, na nimechoka na vyote viwili.

Alirudisha simu mfukoni. "Ticha," akasema, "mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba unajaza tu. Mfumo ulikuwa unaandika saa. Watoto ishirini na wanne, maswali sita kila mmoja, ulimaliza kwa dakika tatu. Kila siku. Niliona kuanzia mwezi wa tatu."

Nilisikia akina mama nyuma yetu wakicheka kitu, cheko la msibani, la chini. "Na ukanyamaza."

"Wazazi walikuwa wanaipenda ile kijani. Shangazi alikuwa ameanza kulala usingizi. Nikasema tutarekebisha muhula unaokuja."

"Hospitalini uliniuliza kama nilijua. Ukaniangalia nikilia."

"Na mimi niliogopa," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na kitu mkononi. Nilitaka kumkasirikia kama nilivyokuwa nimejiandaa miaka yote ile, lakini hasira ilikuja ikakuta hakuna nafasi. Mama alijua masikio yanauma. Koko alijua mtoto hasikii. Mimi nilijua haitiki. Nickson alijua ninadanganya. Watu wazima wanne, kila mmoja ameshika kipande chake, ndani ya nyumba moja yenye sakafu nyekundu, na hakukuwa na hata siku moja tulipokaa pamoja tukaongea.

Halafu, kwa kuwa ni Nickson, akasafisha koo. "Sasa Jumanne utakuja? Maana mfumo mpya umerekebisha kabisa hilo la saa."

Nina shule yangu ndogo sasa, na nina kishikwambi pia, siwezi kusema uongo. Kadi za picha zile za getini nilimwiga yeye. "Nitakuja," nikamwambia. "Ila nitakuja na mpishi wangu na dereva wangu, na wao ndio watakaoanza kuongea."

Alikunja uso, na niliona kwamba anauliza kwa moyo wake wote. "Mpishi atasema nini kuhusu mfumo?"

Nilimtazama. Kisha nikamvutia kiti, nikamwambia akae, na nikaanza kumweleza, pole pole, kama ninavyowaeleza wa miaka minne.